Mrejesho: Faili za GPS zimetoka GB 144 hadi GB 7.2 kwa saa
Wakuu nimerudi na mrejesho. Kwa aliyepitwa, nilikuwa narekodi mawimbi ghafi ya GPS L1 (masafa makuu ya GPS kwa raia), sampuli milioni 10 kwa sekunde na kila sampuli ni jozi ya namba za biti 16, yaani MB 40 kila sekunde, diski inajaa hata kazi haijaanza. Kuzipu hakukusaidia maana mle ndani ni kelele tupu na kelele haibanwi.

Ushauri mlionipa wa kubaki na biti 2 tu kwa kila namba badala ya 16 niliuogopa, ila kweli mawimbi yanafika yakiwa chini ya kelele, biti zote zile zilikuwa za bure. Nikachuja kwanza (msiruke hapa, bila filta kelele za pembeni zinajikunja kuingia ndani), nikashuka hadi sampuli milioni 4 kwa sekunde, jozi mbili kwenye baiti moja. Setilaiti zilezile zinanaswa, hasara kama nusu desibeli hivi. Kilichonitesa ni kizingiti (kiwango kinachoamua namba ihesabiwe kubwa au ndogo ikibaki na biti 2), mwanzo nilikiweka juu mno setilaiti dhaifu zikapotea, nikakipima kwa kiwango cha kelele chenyewe ndo ikatulia. Asanteni sana, mmeniokoa.