Majivu ya Baba: baharini Nyali au nyumbani Rabai?

Shikamoo Mzee, na salamu kwa nyote mlioko Mombasa. Baba alifariki hapa Leicester mwaka jana, na kama alivyousia mwenyewe, mwili wake uliteketezwa. Majivu tunayo nyumbani hadi leo. Mdogo wangu anataka yamwagwe baharini Nyali, baba mdogo anataka yazikwe shambani Rabai kando ya kaburi la nyanya, na mama anasema tu kwamba hataki kukosa mahali pa kuweka ua. Tunatarajia kuja mwezi wa Juni. Tufanyeje?

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kwa maoni yangu mama yenu amekwisha kulijibu swali, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa akizuru miaka ijayo. Zikeni Rabai.

Ikiwa mdogo wako hatakubali, basi msiyamwage mkiwa mmesimama ufukweni. Juni ni msimu wa kusi, upepo unaovuma kutoka baharini kuja nchi kavu, na haya si majivu ya jikoni: ni mifupa iliyosagwa, kilo mbili hadi tatu kwa mtu mzima, yenye chembe nzito zilizochanganyika na vumbi laini mno. Chembe huanguka miguuni, vumbi likawarudia usoni na kwenye nguo, nao wafiwa wakabaki wakitazamana, wasijue kama ni adabu kujipangusa. Afadhali mkodi mashua, mtoke maji yanapoanza kupwa, na kukiteremsha taratibu majini chombo cha karatasi au cha chumvi ambacho kitayeyuka chenyewe. Lakini nahodha mwenye akili atawaambia kwamba wakati wa kusi bahari huchafuka, na huenda akawataka msubiri msimu wa kaskazi. Isitoshe, sehemu ya bahari ya Nyali na Bamburi imo katika hifadhi iliyotangazwa mwaka 1986, inayosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa hiyo ombeni ruhusa kwanza.

Kuhusu Rabai, ulizeni hati ya shamba iko kwa jina la nani kabla hamjakata tiketi. Huku Pwani makaburi mengi yamejikuta ndani ya ua wa mgeni baada ya ndugu mmoja kuuza ardhi ambayo wote walidhani ni ya ukoo, na mwenye ardhi mpya halazimiki kuwafungulia lango kila mnapotaka kuzuru. Hati ikiwa salama, kazi iliyobaki ni ndogo: shimo dogo kando ya nyanya, chombo cha mbao, sala ya kasisi, na bamba lenye jina.

Wazee watakaonung'unika kwamba kuchoma maiti ni desturi ya Wahindi peke yao, wakumbusheni Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Kianglikana, aliyeteketezwa mwaka 2005, na Profesa Wangari Maathai, aliyeteketezwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, kisha majivu yake yakazikwa Kabete katika taasisi yenye jina lake. Jamaa zenu Waislamu, ambao dini yao hairuhusu mwili kuchomwa, waambieni mapema bila kuzungukazunguka. Wengi watakuja matangani kuwapa pole hata wasipofika kaburini. Nanyi Wakatoliki mnaosoma haya, jueni kwamba Kanisa lenu lilikataza mwaka 2016 kumwaga majivu na kuyagawa, ingawa mwishoni mwa 2023 Vatikani ililegeza kidogo kuhusu kuhifadhi sehemu ndogo sana mahali palipokuwa na maana kwa marehemu.

Safarini, chombo kisiwe cha chuma, kwa sababu mashine za ukaguzi hazioni ndani yake. Kibebeni mkononi, pamoja na cheti cha kifo na kile mlichopewa mwili ulipoteketezwa, na mapema iwezekanavyo ulizeni shirika la ndege na ubalozi wetu London wanahitaji karatasi gani zaidi.

Bamba lichongesheni huku huku Mombasa, kwa kuwa kubeba jiwe kutoka Leicester ni kulipia mzigo bure. Nitumieni jina na tarehe jinsi mnavyotaka ziandikwe, baada ya wote watatu kukubaliana.