GN 60 kwenye boksi la flashi ni ya kipimo gani? Nimechoka kudanganywa!

Wadau wa picha, nimekaa na jambo hili wiki nzima nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Nilinunua flashi ya kuweka kwenye stendi, mbali na kamera. Kampuni siitaji. Boksi limeandikwa GN 60 kwa herufi kubwa kuliko jina la flashi yenyewe. GN ni namba ya mwongozo: unaigawa kwa umbali wa mita kutoka flashi hadi kwa mtu, unapata f (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikikua tundu linapungua) ya kuweka kwenye lenzi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ikiwa 100. Basi nikapiga hesabu kabla ya kulipa. Mita 3, kwa hiyo 60 gawa kwa 3, f/20. Mwavuli wa kutawanya mwanga ukila stopu moja na nusu (stopu moja ni kupungua kwa mwanga kwa nusu), nabaki na f/11 na ziada kidogo. Jua kali kwa shata ya 1/200 ya sekunde linadai f/11. Nikaridhika, nikatoa hela.

Siku ya kazi wateja wawili wamesimama, jua liko mgongoni mwao, flashi nimeiweka 1/1, yaani nguvu yote, na nyuso bado zimefifia. Nikasogeza stendi, mwavuli ukaingia kwenye picha. Nikafungua lenzi, anga likaungua. Nikawasha HSS (hali ya flashi kwenda na shata ya kasi kubwa) ili nipandishe shata, mwanga ukazidi kupungua, maana HSS inaukatakata ule mlipuko mmoja kuwa mingi midogo. Wateja wanatazamana. Ile aibu mnaijua.

Nyumbani nikafungua kijitabu. Ukurasa wa mwisho kabisa kuna jedwali lenye maandishi ya kutafutia miwani: GN 60 ni kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi zumu ya milimita 200, yaani mwanga umebanwa uwe mwembamba! Kwa milimita 35 ni 36. Na mwanga unakwenda kwa mraba jamani. Kati ya 60 na 36 tofauti ni karibu mara tatu ya mwanga. Rudia hesabu yangu kwa 36: f/12, toa stopu moja na nusu, umebaki na f/7. Ndiyo maana nyuso zilififia.

Sasa niambieni, nani anaweka zumu ya 200 ndani ya mwavuli? Mwanga utapiga katikati tu kama tochi, pembeni kote giza. Mwavuli unataka mwanga uliotanuka. Wanatupimia katika hali ambayo mtu wa stendi na mwavuli haitumii kamwe, halafu ndiyo wanaiandika mbele ya boksi.

Na usilinganishe flashi mbili kwa GN bila kusoma masharti. Nikon SB-910 imetajwa kuwa 34, Canon 600EX-RT ni 60. Mgeni ataona kama moja ni kibonge na nyingine ni mtoto. Kumbe Nikon wamepima kwenye 35 na Canon kwenye 200! Wengine wanaandika kwa futi, 118 inaonekana kubwa sana, kumbe ni mita 36.

La pili linaloniuma ni neno "bila waya". Nilidhani ni redio. Kumbe ni jicho dogo mbele ya flashi linalosubiri kuona flashi nyingine ikiwaka. Ndani ya chumba linafanya kazi vizuri, sikatai. Nje kwenye jua linapofuka. Ukiificha nyuma ya ukuta haioni kitu. Kamera ikiwa kwenye TTL (yenyewe inapima na kupanga nguvu ya flashi) inatoa mwako mdogo wa kupima kabla ya mwako wenyewe, na jicho lisilowekwa kwenye hali ya kuuruka ule mwako linafyatua mapema, picha inatoka bila mwanga wa flashi hiyo. Akija mpiga picha mwingine na flashi yake, yako inawaka kwa picha zake na kumaliza betri zako.

Nikanunua redio pembeni. Nikaongeza flashi ya pili ya kampuni nyingine, haziongei! Zote zinatumia masafa ya redio ya 2.4 GHz, lakini kila kampuni na lugha yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba unachochagua kwanza ni mfumo wa redio, flashi inafuata. Hakuna duka lililoniambia, hakuna video iliyoniambia. Video zote ni kufungua boksi na kusifia skrini.

TTL nililipia na kwenye stendi siitumii. Naweka nguvu kwa mkono, 1/4 au 1/2, inabaki palepale picha zote. Flashi ya kuweka nguvu kwa mkono yenye redio ndani ingenitosha, na hela iliyobaki ingenunua ya pili.

Kwa hiyo tafadhali, asije mtu hapa kusema "chukua hii, ni kali". Kali kwa kipimo gani? Mwenye kipima mwanga aweke namba zake: mita 3, ISO 100, zumu 35, nguvu 1/1, mara moja ikiwa tupu na mara moja ndani ya mwavuli. Na aseme baada ya kufyatua mara 20 mfululizo kwa 1/1 inachukua sekunde ngapi kujaa, na kama joto linaifanya igome. Yangu naipima kesho, nitaziweka hapahapa.