Barua ya ofa: mshahara niuandikeje?

Swali: Wakuu, nimempata mhasibu, usaili kapita vizuri. Kwenye barua ya ofa niweke mshahara kabla ya makato, au ule atakaoupokea mkononi?

Jibu: Kabla ya makato, na uyaandike maneno hayo hayo. Ukiacha tarakimu tupu, mwisho wa mwezi mtanuniana. Cheo, tarehe ya kuanza na muda wa majaribio visikosekane.

Jibu: Naongezea, weka siku ya mwisho ya kujibu. Na kama hujawapigia wadhamini aliowataja kwenye wasifu, sema wazi ofa inategemea majibu yao. Akishasaini, kumgeuka ni kujitafutia kesi.

Muulizaji: Wadhamini bado kwa kweli. Posho ya usafiri je?

Jibu: Mstari wake peke yake, mkuu. Usiimeze ndani ya mshahara.