Ukanda wa kando ya barabara za mitaa: tulime mboga au tuuache?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake.

Mtaani kwetu Nyasaka, hapa Mwanza, kati ya kuta za nyumba na barabara ya vumbi, kuna ukanda wa hatua nne hivi. Miaka nenda rudi ulikuwa wa majani, mifuko na vifusi. Vuli iliyopita kaya sita tuliufyeka, tukapanda matembele, mchicha na nyanya chungu. Sasa jirani mmoja amesema kwenye kikao cha mtaa kwamba ving'olewe vyote, hapo ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Kikao kimeisha bila jibu.

Kisheria hajakosea. Sheria ya Barabara ya 2007 hairuhusu mtu kulitumia eneo la hifadhi bila kibali cha mamlaka ya barabara, na barabara za mitaa zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Lakini wazee wetu wanakumbuka Kilimo cha Kufa na Kupona, miaka ya 1974 na 1975, serikali yenyewe ilipowahimiza watu wa mjini walime kila penye nafasi. Kwa hiyo kulima mjini si uhuni ulioletwa na sisi.

Msimamo wangu: tuombe kibali kama mtaa, tupande mazao mafupi tu, na tuandike kabisa kwamba siku ya kupitisha bomba au kupanua barabara hakuna atakayedai fidia. Mahindi hapana. Yanaficha kona, na mtoto akichomoka nyuma yake bodaboda hana muda wa kushika breki. Nyie mnaonaje?

Mkazi wa Mabatini

Ndugu yangu, mimi naishi karibu na Mto Mirongo. Mkitifua ardhi huko milimani, mchanga unaishia kwetu. Mtaro ukishajaa, mvua moja tu maji yameingia ndani. Nimeanika godoro juani mara mbili ndani ya masika moja. Siwachukii wanaolima, ila kabla ya kushika jembe muwe mnaangalia maji yanaelekea wapi.

Bibi shamba mstaafu, Igoma

Tutenganishe barabara. Ya mtaani inayopitwa na magari machache ni jambo moja, kando ya barabara ya Musoma ni jambo lingine. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyoshuka kwenye udongo bado imo, na majani ya mboga yanashika vumbi lake. Pale barabara kuu pandeni maua au miti ya kivuli. Mtaani limeni, lakini mboga zioshwe kwa maji mengi, na msimwagilie maji ya mtaroni hata mara moja. Hayo ndiyo yanayoleta homa ya matumbo na minyoo.

Mpangaji, Kirumba

Mnazungumza kama kwamba sote tuna geti. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayelima mbele ya ukuta wake. Sisi wapangaji tukichuma fungu moja tunaitwa wezi. Ardhi ni ya umma, mboga zimekuwa za mtu! Nimesoma habari za Todmorden, mji mdogo wa Uingereza, ambako tangu 2008 wakazi wanapanda mboga maeneo ya wazi na yeyote anayepita anaruhusiwa kuchuma. Kama hamuwezi hilo, basi jirani yenu ana haki.

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote, na wa Mabatini amenigusa. Asubuhi baada ya mvua nimekwenda kukagua. Pale penye matembele nimefunua majani: udongo umetulia, mizizi imeushika, hata mbolea niliyotia juzi ipo. Hatua tatu mbele, tulipong'oa mchicha na kuacha wazi, maji yamechimba mfereji wa kina cha kiganja, na mchanga wake nimeukuta mtaroni. Tuliuzoa ndoo nne. Sehemu hiyo ya mteremko hatutaitifua tena, itakuwa matembele tupu, na tutakuwa tunachuma majani bila kung'oa shina.

Dada wa Kirumba, hapo umenibana. Katika kaya zetu sita hakuna mpangaji hata mmoja, na hatukuwahi kumwuliza yeyote. Jumapili kwenye kikao nitapendekeza kila nyumba, ya kupanga au ya kumiliki, ipate tuta lake. Watakaokosa nafasi wachume matembele ya mteremkoni, yale yawe ya wote. Wenzangu wawili wameshakataa, wanasema jasho lao haliwezi kuliwa na asiyeshika jembe. Waliofanikisha mgao kama huu mtaani kwao, semeni mlifanyaje kabla ya Jumapili.