Tupeane uzoefu: umejuaje kituo cha uuguzi kinamtunza mzee wako?

Mama Abdul: Wapendwa mlioko Marekani, naomba msaada. Baba mkwe kavunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji. Hospitali imetupa orodha ya vituo vya uuguzi na utengamao, wanataka jibu kesho. Mlio na uzoefu, mlichaguaje?

Kaka wa Houston: Ingia tovuti ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, kila kituo kina nyota 1 hadi 5. Maliza kazi.

Mtoto wa Mwalimu: Kaka, nyota hizo ndizo zilizonidanganya. Baba alipata kiharusi, tukampeleka kituo cha nyota 5. Mapokezi maua, zulia, harufu ya mdalasini. Jumapili moja nikatokea bila taarifa, saa nne asubuhi. Sinia ya chakula iko miguuni pa kitanda, imepoa. Kikombe cha juisi hakijabanduliwa hata kifuniko chake cha karatasi. Kengele ya kuita wauguzi wameizungushia chuma cha kitanda upande wa kushoto, na kushoto ndiko alikopooza! Nikamgeuza. Chini ya kiuno kidonda, upana wa kifuniko cha soda, na shuka limegandia hapo. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu, hata sisi wanawe hatujawahi kumwona bila shati. Akaniambia, "Nimeita mwanangu, mpaka sauti ikaisha." Nimeandika haya machozi yananitoka, na ni miaka minne sasa.

Bi Mkubwa Columbus: Kengele! Yangu ilikuwa hiyo hiyo. Pole sana mdogo wangu.

Zamu ya Usiku: Pole, lakini msituhukumu. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi. Usiku mmoja nilikuwa peke yangu na wazee 22. Kugeuza kila saa mbili, kubadilisha pampasi, kengele tano zinalia pamoja. Nageuza nani, naacha nani?

Kaka wa Houston: Kama kazi imekushinda, iache.

Zamu ya Usiku: Niache, halafu wabaki na nani? Wewe umewahi kumwogesha mzee asiye wako?

Bi Mkubwa Columbus: Basi jamani. Mama Abdul ana hadi kesho.

Zamu ya Usiku: Haya, Mama Abdul nisikilize. Nyota ya jumla iache, fungua ya ukaguzi na ya wafanyakazi. Za ubora wa huduma, nyingi zinatoka kwenye taarifa za kituo chenyewe. Idadi ya wafanyakazi inatokana na malipo ya mishahara, na wikendi inaonyeshwa peke yake. Ukifika, tafuta karatasi ukutani yenye idadi ya wauguzi wa siku hiyo, ni lazima waibandike. Ripoti ya ukaguzi pia lazima wakupe usome. Halafu simama koridoni uhesabu kengele inalia muda gani kabla ya mtu kuingia.

Juma wa Maine: Medicare inalipa siku 20 za kwanza zote, baada ya hapo unachangia hadi ya 100. Ila awe amelazwa rasmi siku tatu hospitalini. Kuwekwa chini ya uangalizi tu hakuhesabiki, sisi tulilia hapo.

Shangazi Fatuma: Mrudisheni nyumbani, mpikieni uji. Mzee wa Kiswahili hawezi kula vyakula vile.

Mtoto wa Mwalimu: Shangazi, kwa heshima, nani atamnyanyua saa nane za usiku? Na kama mzee ana kiharusi kama baba yangu, uji uliza kwanza, unaweza kumpalia. Mama Abdul, kuna mtetezi wa wakazi katika kila jimbo, anaitwa ombudsman, ni bure. Mimi nilimjua nimechelewa.

Mama Abdul: Asanteni. Vimebaki viwili. Kimoja nyota 4, dakika 50 kwa gari. Kingine nyota 3, dakika 10, ukaguzi wake si mbaya.

Zamu ya Usiku: Cha dakika 10. Wazee wanaotembelewa kila siku nawajua mimi, na wenzangu pia tunawajua.

Kaka wa Houston: Mimi bado nasema cha nyota 4.

Mama Abdul: Nakwenda cha dakika 10 leo jioni, wakati wa chakula. Simpigii mtu simu.