Skripti inaandika "umekamilika" kumbe pakeji hazijaingia, naifanyaje iseme ukweli?

kijana_ngamiani
Habari za jioni wakuu, nipo Tanga mjini, nafungia maduka mfumo wa stoo kwenye mashine za Ubuntu. Nina skripti ya bash, inavuta pakeji za mfumo kwa apt, inaenda pip (kisakinishi cha pakeji za Python), halafu inabildi, na kila komandi nimeipitisha kwenye `tee`, inayoonyesha majibu kwenye kioo huku ikiyaandika kwenye faili, ili nipate logi. Sasa mtandao ukikatika katikati `libpq-dev` (ndiyo inayoleta `pg_config`) haishuki lakini skripti wala haina habari, inasonga tu hadi pip inapofika kwenye `psycopg2` ndo inalia `pg_config executable not found`, na chini yake inaandika "Usakinishaji umekamilika" kwa kijani kabisa. Mwenye duka anapiga picha kioo ananitumia WhatsApp, kwenye picha ni hiyo mistari ya mwisho tu, ule wa `E: Failed to fetch` ulishapanda juu kitambo. Kijana wa dukani anahangaika na pg_config siku nzima wakati chanzo kiko kwingine. Nataka ikikwama iseme imekwama kwa pakeji gani, hata asiye fundi aelewe. Naombeni msaada.

fundi_chumbageni
Inaanzia kwenye hiyo tee mkuu. Ukiunganisha komandi kwa `|` bash inachukua jibu la komandi ya mwisho peke yake, kwa hiyo apt imetoka na 100, yaani imefeli, ila tee imeandika faili lake vizuri imetoka na 0, basi bash inaona mambo shwari. Juu kabisa ya skripti weka:

`set -euo pipefail`, skripti itasimama komandi ikifeli, hata ile iliyo kabla ya `|`.

Halafu kuna hii wengi hawaijui, `apt-get update` ikishindwa kuifikia seva mara nyingi inatoa onyo la `W:` tu, inatoka na 0 na kuendelea na orodha ya zamani. Kwenye apt za siku hizi andika `apt-get update --error-on=any`, itagoma palepale.

bi_pangani
Naongezea hapo. `set -e` peke yake inakata kimyakimya, mwenye duka anaona terminali imerudi basi, hajui kimetokea nini. Tengeneza fankisheni:

```
sakinisha() {
  local kodi=0
  apt-get install -y "$1" >"$1.log" 2>&1 || kodi=$?
  if [ "$kodi" -ne 0 ]; then
    echo "IMEKWAMA: $1 haijaingia, kodi $kodi" >&2
    grep '^E:' "$1.log" >&2 || tail -n 15 "$1.log" >&2
    exit 1
  fi
}
```

Hiyo `|| kodi=$?` inashika namba ya kufeli ya apt, usiibadilishe. Ukiandika `if ! apt-get ...; then echo $?` ile alama ya mshangao inageuza jibu, utaletewa 0 na huku imefeli. Na kama kuna `|| true`, inayoficha kufeli, kwenye mstari wowote wa kusakinisha, itoe leo leo.

mzee_raskazone
Mmeeleza vizuri wanangu, ila hiyo `exit 1` ndani ya fankisheni kwa kazi yake siiafiki. Bando ni hela. Kijana wa duka atarekebisha pakeji moja, arudie, akutane na ya pili, arudie tena, mpaka jioni. Ijaribu zote, zinazogoma izikusanye, `zilizogoma+=("$1")`, ikimaliza ichape orodha nzima ndo itoke na 1 KABLA ya kugusa pip. Na usizirundike zote kwenye `apt-get install` moja, jina moja tu lisipopatikana apt inakataa mzigo wote, hata zile nzima haziingii.

bi_pangani
Shikamoo mzee, kwa mashine zilizo mbali na fundi nakubali kabisa. Kwenye seva ya bildi mimi bado nakata palepale, pale hakuna mtu anayesubiri mbele ya kioo.

kijana_ngamiani
Asanteni mno. Nimeweka jina la uongo `libpq-devv` makusudi, imechapa `Unable to locate package` na jina lenyewe, pakeji nyingine zimeingia na bildi haikuguswa. Nimechomoa waya, imegoma kwenye update. Logi niziweke wapi sasa, zinajaa ovyo kwenye folda ya mradi?

fundi_chumbageni
Fungua folda moja chini ya `/var/log`, jina la faili libebe tarehe. Ikigoma, mstari wa mwisho uchape njia nzima ya faili, wakutumie faili lenyewe.