Fundi amenifutia njia ya kurudi Windows 10 nikiwa bado ndani ya siku 10, na bado ananidai pesa

Wadau niko na hasira na nitaandika vile inakuja, mnivumilie kama ni ndefu. Niko na saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kondele, Kisumu, mashine tatu na printa moja ya zamani yenye skana juu. Ile mashine ya karibu na mlango ndio inanilisha, ndio imeunganishwa na printa, ndio iko na kazi zote za wateja. Ni desktopu ya ex-UK, prosesa ya Intel kizazi cha 6, RAM GB 8, SSD ya GB 120, na ilikuja na Windows 10 Pro ya haki kabisa. Haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Jumamosi tarehe 7 mwezi wa sita 2025 fundi ambaye anakujanga kuniwekea wino alikuja kama kawaida, mimi nikatoka kidogo kwenda Kibuye. Kurudi napata skrini nyeusi na yale madoadoa yanazunguka. Namuuliza hii ni nini, ananiambia "nimekuapgredia madam, sai uko Windows 11, hiyo 10 inakufa Oktoba." Sikuwa nimemtuma! Tulikuwa tumeongea wino, wino peke yake. Halafu akadai 1,500 ya hiyo kazi, nikampa 700 niliyokuwa nayo, tukabaki na 800, na hapo ndio nilikosea, ningekataa papo hapo.

Hiyo habari ya Oktoba ndio wanatishia watu nayo mji mzima, so wacha niseme vile iko. Ni kweli 14 Oktoba 2025 ndio mwisho wa apdeti za bure za usalama kwa Windows 10. Lakini tarehe 15 asubuhi ukibonyeza pawa mashine inawaka vile vile, printa inaprinti vile vile. Na kuna nyongeza ya hizo apdeti ya mwaka mmoja unaweza kujisajili, inakupeleka mpaka 13 Oktoba 2026. Na Windows 11 tangu itoke 2021 inataka prosesa ya Intel kizazi cha 8 kuenda juu na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Yangu ni ya 6! Alijua. Ilikataa akailazimisha kwa kuruka ule ukaguzi, na mashine ikilazimishwa hivyo hakuna anayekuahidi apdeti. Yaani amenitoa kwa nyumba ambayo nilikuwa nimepewa notisi ya miezi minne, akaniingiza kwa nyumba ambayo jina langu haliko hata kwa kitabu cha keateka.

Jumatatu ndio nikaona moto. Kuna mama alikuja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, amekifunga kwa karatasi ya nailoni, anataka kuskaniwa aende kukituma. Nikaweka kwa kioo, nikabonyeza, ile taa ikatembea mpaka katikati ya karatasi, ikasimama, ikarudi. Kwa skrini naambiwa hakuna skana. Mara ya pili hivyo. Mara ya tatu haikuwaka kabisa. Mama akachukua cheti chake polepole akakirudisha kwa nailoni, akasema "wacha nijaribu ng'ambo ya barabara," na hakuwa na ubaya, ana haraka zake, lakini mimi nilisikia vibaya sana. Risiti za KRA, wale wa ushuru, zilikuwa zinakaa kwa foleni ya printa dakika tano ndio itoke moja, na hii ni Juni, watu wanafaili ritani kabla ya tarehe 30, ndio mwezi wangu wa kulipa kodi ya duka. Driva ya hiyo printa, ile programu inaiunganisha na mashine, ni ya zamani na waliotengeneza waliacha kuitolea mpya kitambo. Kwa 10 ilikuwa inafanya kazi bila shida.

Nikampigia. "Madam iache izoee." Nikaiacha siku tatu. Izoee nini?

Alhamisi tarehe 12 akaja, akaangalia diski, akaniambia imejaa ndio maana iko slow. Ilikuwa imebaki GB 5 hivi. Akafungua ile ya kusafisha diski, akatiki viboksi vyote kutoka juu mpaka chini bila kusoma hata kimoja, OK, akamaliza. Mimi nilikuwa hapo kando yake narudishia mtu chenji. Akasema kwa kujivunia, "nimekutolea takataka ya GB 23."

Sasa sikieni hiyo takataka ilikuwa nini. Ukiapgredi, Windows ya zamani haifutwi mara moja, inawekwa kwa foda inaitwa Windows.old kwa drive C, na ndio unaweza kurudi. Unaenda Settings, System, Recovery, unabonyeza Go back, mashine inajirudisha kwa ile ya kwanza, faili zako zinabaki, ni programu ulizoweka baada ya apgredi tu ndio zinatoka. Unapewa siku 10. Zamani Windows 10 ikitoka 2015 ilikuwa siku 30, 2016 zikapunguzwa zikawa 10, ambazo kwa maoni yangu ni chache sana kwa mtu ambaye anategemea mashine kula, lakini angalau ziko. Mimi sikujua hata hizo. Mpwa wangu ambaye anasoma Maseno ndio aliniambia kwa simu Jumamosi tarehe 14, nikakimbia kufungua, na kitufe kikawa kijivu. Hakibonyezeki. Hiyo ilikuwa siku ya 7! Nilikuwa na siku tatu mkononi na mtu alikuwa amenichomea daraja Alhamisi akiniambia amenisafishia.

Na uchungu zaidi, kuna amri ya mstari mmoja kwa CMD, lile dirisha jeusi la kuandika amri, ukiifungua kama admin, DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, inaongeza hizo siku mpaka 60, bora uiweke kabla ya zile siku 10 kuisha. Fundi anayeapgredia watu kila siku anapaswa kuijua kuliko mimi. Kama umeapgrediwa wiki hii na unasoma hapa, nenda uiweke sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, na mtu yeyote asiguse Windows.old yako.

Nikampigia tena. Unajua alisema nini? Ati kurudi 10 lazima afomati kila kitu, 1,000 ya kufomati, na 1,500 ya "key ya Windows 10," ile namba ya leseni. Key! Mashine ilikuja na Windows yake, leseni imeshikana na mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya hiyo mashine, ukiweka tena 10 Pro ile ile ukiunganisha na intaneti inajitambua yenyewe, unaruka tu pale inapouliza key. Kwa hiyo alitaka kuniuzia kitu changu mwenyewe. Nimewaza ni kina mama wangapi wa saiba kuanzia hapa mpaka Mamboleo wameshalipa hiyo 1,500 wakisema asante.

Kufomati ni kweli ilibidi, hapo alikuwa ameshanimaliza. Mpwa wangu akaja. Tukanakili kazi za wateja kwa hadidiski ya nje, ikachukua karibu siku nzima sababu stima ilipotea mara mbili. Usiku tukadaunilodi Windows 10 kwa Media Creation Tool, programu ya Microsoft yenyewe, tukaweka kwa flashi ya GB 8, bando yote ikaenda. Duka nilifunga Jumatatu na Jumanne, tarehe 23 na 24, wiki ya mwisho ya ritani, nikiona watu kupitia dirishani wanasukuma mlango na kuondoka. Jumanne jioni 10 ikawaka, tukaunganisha intaneti, tukaenda kuangalia, imeandikwa imeaktiveti. Bila key, bila shilingi moja. Nikaweka driva kutoka kwa CD ya zamani ya printa, nikaweka kitambulisho changu kwa kioo, taa ikatembea kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Nilikaa chini.

Lakini vitu vingine vimeenda. Templeti zangu za picha za pasipoti nilizopanga mwenyewe miaka mitatu zilikuwa ndani ya foda ya programu, hatukukumbuka kuzinakili. Paswedi zote za brauza zimeenda. Kuna barua ya shamba ya mzee mmoja wa Nyamasaria niliyokuwa nimechapa nusu, siioni mahali popote, na mzee anakuja Ijumaa, nitamwambia ukweli na nitamchapia upya bure.

Wale wenye laptopu mpya kidogo, kabla mtu afomati hakikisheni kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows ya diski, na mko na ile key ya kuifungua ya tarakimu 48, sababu bila hiyo mashine inaweza kuwaitisha katikati ya kazi na hapo hamtoki. Na kama laptopu ilinunuliwa ikiwa na 11 tangu dukani, hiyo Go back haikuhusu.

Fundi ametuma meseji leo asubuhi, "madam ile 800." Simtumii. Nimemjibu anirudishie 700 yangu na aje nimwonyeshe mashine yenye Windows 10 iliyojiaktiveti bila key yake. Ameisoma, hajajibu. Kama kuna mtu hapa Kisumu ako na templeti ya picha za pasipoti, zile nane kwa karatasi moja ya picha, naomba anitumie, nianze kesho nazo.